GURUDUMU LA "NDEGE YA MJERUMANI": SOMA HII KABLA BABA HAJATOA HELA

SEHEMU YA 1

Niliahidi wiki hii tuendelee na uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utasubiri kidogo. Kuna jambo limeingia inboksi na lina tarehe ya mwisho, kwa hiyo linatangulia.

Mama mmoja wa mwambao wetu huku, mimba ya miezi saba, amenitumia picha tatu za gurudumu. Mume wake na vijana walikuwa wanachimba shimo la choo, chepeo ikagonga chuma. Likatoka gurudumu zito, limeliwa na kutu, upana kama sinia la watu wanne, lina tundu katikati, na upande mmoja ukingo umetokeza kuzunguka lote kama mdomo wa sufuria. Habari ikaenea mtaani. Siku ya tatu wakafika mabwana wawili wamevaa vizuri, wakaliangalia, wakanong'ona, wakasema: hili ni gurudumu la ndege ya Mjerumani iliyoanguka na dhahabu wakati wa vita, na mzigo wenyewe uko chini hapohapo. Wanachohitaji ni laki tano tu za "kipimo". Laki tano hiyo ndiyo akiba ya kujifungulia.

Nimemwomba ruhusa niandike bila jina, kakubali. Nimeona niandike kwa wote kwa sababu hadithi hii ya mali za Mjerumani haijaanza leo wala haitaishia kwake. Ukitoka Tanga mpaka Songea mpaka huku kwetu, kuna familia zimechimba mpaka nyumba imeingia nyufa.

Mimi ni nesi, si fundi wa ndege. Ila gurudumu linakaguliwa kama mgonjwa anavyokaguliwa: kwanza historia yake, halafu unaligusa. Tuanze na historia.

SEHEMU YA 2

Bibi wa huyo mama anasema alisimuliwa na wakubwa wake kwamba ndege zilikuja Kigoma zikatupa mabomu. Vijana wakamcheka. Jamani, msimcheke. Ni kweli tupu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, upande wetu wa ziwa ulikuwa wa Mjerumani na upande wa Kongo ulikuwa wa Mbelgiji. Mwenye meli ndiye mwenye ziwa, na Mjerumani alikuwa nazo. Kubwa kuliko zote ilikuwa Graf von Götzen. Mnaijua. Ndiyo hiihii MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu kwa treni hadi Kigoma. Hapa ikaunganishwa upya msumari kwa msumari na kuingizwa majini Februari 1915. Juu yake wakafunga mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozamia Rufiji Julai 1915.

Wabelgiji walikuwa wanaiogopa meli hii, na walikuwa na sababu. Wakawaomba Waingereza ndege. Wakapewa nne, aina ya Short 827. Nazo zilisafiri vipandevipande, kwa meli mpaka Kongo, kisha kwa reli na mito kuvuka nchi nzima mpaka karibu na mji ambao leo unaitwa Kalemie, hapo ng'ambo yetu. Ziwa Tanganyika mnalijua likichafuka. Ndege za mbao na kitambaa zisingestahimili mawimbi yale, kwa hiyo wakaziweka kwenye ziwa dogo la pembeni, Tongwe, karibu na Mtoa.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon wakaruka kutoka huko, wakavuka maji, wakaja kutupa mabomu bandari ya Kigoma. Wabelgiji waliandika kwamba waliipata Götzen. Meli haikuzama siku hiyo. Lakini hebu mfikirie mama aliyekuwa anaanika dagaa ufukweni asubuhi ile, hajawahi kuona hata baiskeli nyingi, na mbinguni kunakuja kitu kinanguruma na kudondosha moto. Hilo lazima lisimuliwe hadi kwa vitukuu. Bibi hakutunga.

Mwishowe Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, ili isichukuliwe. Waliipaka mashine zake grisi nzito kwanza, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi kuichukua. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyohiyo ilikuwa inawabeba akina mama wa Burundi na watoto wao kutoka Kagunga, kipindupindu kikiwa kimeanza pale ufukweni. Grisi ya 1916 ilifanya kazi kubwa kuliko waliyoikusudia.

SEHEMU YA 3

Sasa rudini kwenye maneno ya wale mabwana wawili: "ndege ya Mjerumani". Shikeni mambo mawili.

La kwanza, ndege zilizopiga Kigoma zilikuwa za Wabelgiji. Mjerumani hakuwa na ndege ziwani. Katika koloni lake kulikuwa na ndege ya rubani Bruno Büchner, iliyoletwa Dar es Salaam mwaka 1914 kwa ajili ya maonyesho yaliyopangwa Agosti kusherehekea reli kufika Kigoma. Vita ikawahi kabla ya sherehe. Habari za ndege hiyo ni za Pwani, na huku haikufika.

La pili ndilo tamu. Short 827 HAIKUWA NA MAGURUDUMU. Ilikuwa ndege ya kutua majini. Chini yake, mahali pa magurudumu, kulikuwa na maboya mawili marefu kama mitumbwi, jingine dogo mkiani, na mengine madogo kwenye ncha za mabawa. Iliruka kutoka majini na kutua majini. Ilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, upana wake zaidi ya mita 16, injini moja, watu wawili. Unaweza kuitafuta picha yake hata sasa hivi kwa simu uliyoishika. Utafute hayo magurudumu mpaka macho yaume.

Najua kuna mjuaji mmoja atasema: "Nesi, ndege za majini huvutwa nchi kavu kwa kigari chenye magurudumu." Kweli, huvutwa. Lakini kambi ilikuwa ng'ambo, na gurudumu la kigari cha kuvutia ndege si gurudumu la ndege, wala si la Mjerumani, wala halina dhahabu. Tumeelewana?

Na dhahabu? Hapa matapeli wana chembe ya ukweli, ndiyo maana wanaaminika. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, fedha hazifiki kutoka Ulaya. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande wa Singida, wakatengeneza sarafu za rupia 15 huko Tabora, zina picha ya tembo. Zilikuwa kama 16,000. Zilitengenezwa kwenye karakana ya reli, zikatumika kulipia mahitaji, na leo zipo, wakusanyaji wa sarafu wananunuliana. Kwa hiyo dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo. Ilitengenezwa kando ya reli na ikazunguka mikononi mwa watu. Haikupakiwa kwenye ndege ambayo haikuwepo.

Zile hadithi za zebaki nyekundu, kwamba iko ndani ya vitu vya Mjerumani na kijiko kimoja ni mamilioni, hizo hata chembe hazina. Hakuna maabara duniani iliyowahi kuiona. Iliyopo ni zebaki ya kawaida, ile nyeupe inayoteleza, ya wachimbaji, na hiyo mvuke wake unaharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtu akikuletea "sampuli" kwenye kichupa nyumbani na wewe ni mjamzito, usiifungue, usiinuse, mtoe nje yeye na kichupa chake.

SEHEMU YA 4

Basi kama si ndege, ni nini? Jiulize: ni kitu gani kilifika Kigoma kikiwa na magurudumu ya chuma?

Jibu liko mjini, lina jengo zuri linatazama ziwa. Treni.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma Februari 1914, kilomita zaidi ya 1,200. Kabla yake, mtu akitoka Ujiji kwenda Bagamoyo alitembea kwa miezi, na mzigo ulikwenda kichwani. Ujiji ndiyo ilikuwa mji wenyewe. Soko lilikuwa Ujiji, misafara ilifikia Ujiji, na Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Kigoma ilikuwa kijiji chenye ghuba nzuri. Reli ilipochagua ghuba, Ujiji ikaachwa kilomita chache pembeni, na mpaka leo wazee wa Ujiji wakitaja Kigoma kuna kajisauti fulani wanakaweka. Mimi siingilii.

Reli haiji na treni tu. Inakuja na mabehewa ya kokoto, na vigari vidogo vya kusukuma kwa mkono vya kubebea udongo, na viberenge vya wakarabati wa njia, na kreni za bandarini. Vyote vina magurudumu ya chuma, na magurudumu huchoka. Likichoka linafunguliwa, linawekwa kando, mvua inanyesha, udongo unashuka kutoka mlimani, na miaka mia baadaye mtu anachimba choo.

Angalieni tena picha: chuma kizima, zito, ukingo umetokeza upande mmoja. Ukingo ule ndio unaozuia gurudumu lisitoke kwenye reli. Kitu kinachotembea ardhini hakiuhitaji, na ndege ndiyo kabisa. Kwa upana wa sinia hilo ni la kigari kidogo au kiberenge, kwani la behewa ni kubwa na zito zaidi, watu wawili hawalinyanyui kirahisi. Kwa hiyo jibu langu kwa mama yule: ni gurudumu la reli. Thamani yake sokoni ni ya chuma chakavu. Laki tano ikae palepale ilipo, kwenye kibubu cha kujifungulia.

Wengine mmeuliza kuhusu mzinga wa Königsberg, kama ulikuwa na magurudumu. Ndiyo. Mizinga ile ilipotolewa Rufiji ilitengenezewa magari ya kuivuta nchi kavu, na ikaburutwa huku na huku na watu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, ukipita nenda kaone. Na kuna matrekta makubwa ya mvuke yaliyovuta boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, kupita msituni na milimani mwaka 1915 ili wapigane na meli za Wajerumani ziwani. Yale yalikuwa na magurudumu mapana ya chuma yenye meno. Ila kazi hiyo ilifanyika Kongo yote, hayakuvuka kuja kwetu.

Na ukweli mchungu ni kwamba vita ile kwa sehemu kubwa haikutembea kwa magurudumu. Ilitembea kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, pande zote za vita, na waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kariakoo ya Dar imepata jina kutoka kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza. Mtu akisema anatafuta alama za vita ile Kigoma na anaangalia vyuma tu, anawapita hao.

SEHEMU YA 5

Sasa kulipima kwa mkono, kwa sababu kesho litaibuka jingine Kibirizi au Katonga na sitakuwepo.

Chukua sumaku, hata ile ya kwenye spika mbovu ya redio. Ikishika barabara, hicho ni chuma, na rimu kubwa ya ndege za baada ya vita ya pili kwa kawaida ni aluminiamu au magnesiamu, ambayo sumaku haiishiki. Linyanyue: la ndege ni jepesi kuliko linavyoonekana. Litazame ubavuni: rimu nyingi za ndege ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa boliti nyingi kuzunguka, ndani kuna nafasi ya beringi na ya breki, na mahali fulani pamegongwa namba ya kipuri, namba ya mfululizo na jina la kiwanda. Watu wa ndege huandika kila kitu, kama sisi na kadi za kliniki. Ukikuta boliti nne, tano au sita katikati na tundu kubwa, hiyo ni ya gari.

Magurudumu ya ndege za wakati wa vita ya kwanza, zile za nchi kavu, yalikuwa kitu kingine kabisa. Yalifanana na ya baiskeli: spoku nyembamba, tairi la mpira, hayana mnyororo wala breki, na ubavuni yalivalishwa kitambaa ili yasikamate upepo. Kitu kama hicho kikae kwenye udongo wetu wenye maji miaka mia! Utakuta kitovu na kutu.

Halafu watoto, maana najua likitoka shimoni wao ndio wa kwanza kulibingirisha.

Pepopunda haitoki kwenye kutu. Vimelea vyake viko kwenye udongo na mavi ya wanyama, kutu inatoa tu kidonda cha kuingilia. Mtoto akichanjwa pentavalenti wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anakuwa amekingwa, na wewe mjamzito sindano yako ya kliniki ndiyo inayomkinga mtoto kitovu kikikatwa. Mama wa picha, nawe umo. Mtoto akichomwa na chuma cha shimoni, osha kwa maji mengi na sabuni, njoo kituoni na kadi siku hiyohiyo. Usiweke mavi ya ng'ombe, usiweke mafuta ya taa. Nakuomba.

La pili, vipande vyepesi visivyoshikwa na sumaku vinawavutia wanaoyeyusha kutengeneza masufuria. Kama ni magnesiamu, ikishika moto inawaka kwa mwanga wa kuumiza macho, na ukimwagia maji inazidi. Na hata isipowaka, masufuria yaliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu vilivyochanganywa yamepimwa katika nchi kadhaa za Afrika na Asia yakakutwa na madini ya risasi, ambayo huingia kwenye chakula na kudumaza akili ya mtoto. Uji wenyewe tuliokuwa tunauzungumzia unapikwa humo.

La tatu nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina maelezo mengi. Mabomu yalitupwa hapa. Na ziwa hili limepitishiwa silaha za vita nyingine nyingi baada ya ile. Kitu cha chuma chenye umbo la chupa, yai au bomba lililofungwa ncha zote: usigonge, usibingirishe, usipeleke kwa mnunuzi wa skrepa. Weka alama, ondoa watoto, ita mwenyekiti wa mtaa na polisi.

SEHEMU YA 6

Na kama lako limefaulu vipimo vyote? Sumaku haishiki, ni jepesi, boliti zimezunguka, namba zipo? Basi huenda kweli ni la ndege, lakini si ya mwaka 1916.

Ndege za magurudumu zilikuja kwetu polepole. Njia kubwa ya Waingereza ya Cairo mpaka Cape, iliyoanza 1932, ilipita Moshi, Dodoma na Mbeya, ikatuacha. Baada ya vita ya pili ndipo East African Airways, iliyoanza 1946, ikajaza viwanja vya mikoani kwa DC-3, ndege iliyokaa mkia chini. Mwaka 1965, Che Guevara alipovuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi, ng'ambo ya pili kulikuwa na ndege za T-28 zikirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro. Na Aprili 2012 ndege ya Air Tanzania aina ya Dash 8 ilishindwa kuruka uwanja wetu, ikaharibika, na watu wote wakatoka hai. Vipuri husafiri. Rimu ya ndege ikishatupwa inaweza kugeuka kigoda, nanga ya mtumbwi, uzito wa nyavu au jukwaa la mtungi, na kukutwa mbali sana na uwanja.

Tairi likiwa bado limejaa upepo, msiguse boliti hata moja. Ile rimu ya vipande viwili ikifunguliwa na upepo ndani inapasuka kama bomu, na waliofungua huko magereji wanajua.

Piga picha ya namba, nyuma na mbele, weka rula au hata kibiriti pembeni ili ukubwa uonekane. Andika limetoka wapi, kina gani, na nani alilikuta. Peleka picha hizo, si gurudumu, kwenye Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, uwaombe wakuelekeze. Hakuna "kipimo" cha laki tano. Na mkiwa na bibi anayekumbuka alichosimuliwa, mrekodi kwa simu, anavyosema mwenyewe, kwa Kiha kama ndicho anachokijua zaidi.

Uji, Jumatano saa mbili usiku. Mje na vikombe vya kupimia.